Ekseli ya foko, wakerezaji wetu wanaiweza

Mhariri, shikamoo, naomba kanafasi kidogo. Nilinunua baiskeli ya mlimani ya mtumba hapa Arusha, foko (ile uma inayoshika tairi la mbele) ina shokapu safi kabisa, nafika home nafungua tairi la mbele nakuta muuzaji kachomeka kipande cha nondo kilichozungushiwa mpira wa chubu, ekseli yenyewe haipo! Na hizi sio kama za Phoenix zenye nati huku na huku, hii ni chuma kinene cha mm 15 kinapita katikati ya haabu, yaani kitovu cha tairi, halafu kinajifunga kwa uzi kwenye mguu mmoja wa foko.

Kuagiza nje nikaona bei nikaghairi, nikaenda kwa mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine. Ekseli ya kwanza aliyochonga ikagoma, imeingia mizunguko miwili ikakwama, maana jamaa alikata uzi wa mm 14 wenye hatua 2 (mm 2 kutoka jino moja la uzi hadi lingine) kama bolti za kawaida, kumbe foko za kampuni ya Fox kama hii zinataka mm 14 kwa hatua 1.5. Bahati hatukulazimisha, tungeweza kuuharibu uzi wa foko. Ya pili akatumia shafti kuukuu ya gari, akapima kwa venia (kipimo cha unene), kiwiliwili akakiacha mm 14.95 kiteleze kwenye beringi. Nzito kuliko ya aluminiamu, sawa, lakini nimeshuka nayo mawe ya Ilboru wiki ya tatu sasa haijacheza.

Sasa mhariri, mbona gazeti haliandiki habari za hawa mafundi? Kila siku magari tu.

Msomaji wenu, Arusha