Balbu haikubuniwa na Edison peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu asili ya balbu ya umeme. Makala nyingi, hata vitabu vya shule, huieleza kuwa kazi ya Thomas Edison wa Marekani peke yake. Hilo si sahihi. Joseph Swan, mvumbuzi Mwingereza, alionyesha balbu yake Newcastle, Uingereza, mapema mwaka 1879, miezi kadhaa kabla ya jaribio maarufu la Edison la Oktoba mwaka huohuo. Kisha yuko Lewis Latimer, Mmarekani mweusi ambaye wazazi wake walitoroka utumwani. Mwaka 1882 alipata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya njia bora zaidi ya kutengeneza nyuzi za kaboni zilizokuwa zikiwaka ndani ya kioo. Ni wanafunzi wetu wangapi wamewahi kulisikia jina lake? Inauma.

Uzi wa kaboni ulikwisha zamani, lakini kitako cha kuskrubu kilichotoka kwa Edison kingalipo. Ukienda dukani leo kununua balbu ya LED, muuzaji atakuuliza: ya pini au ya kuskrubu? Hiyo ya kuskrubu, yenye upana wa milimita 27, bado inabeba umbo lile.

Nawasihi waandishi wa vitabu vya sayansi wawaongeze Swan na Latimer katika toleo lijalo. Walimu wasisubiri: wapeleke darasani balbu ya zamani iliyoungua pamoja na ya LED, wanafunzi wazishike na kuzilinganisha wenyewe.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro