Mwanangu, pima barabara kwanza

Mwanangu mpenzi,

Mchoro wako umefika, na tangu jana umetandazwa mezani. Dirisha lile la jikoni limenipendeza sana. Lakini nilipochukua rula kupima upana wa nyumba hiyo unayotaka kuijenga juu ya tela la kukokotwa na gari nimekuta mita 2.8, nikaona nikuandikie kabla hujakata hata ubao mmoja.

Nyumba ya magurudumu ina mabwana wawili, barabara na kiwanja. Anza na barabara, maana yenyewe haina mjadala. Katika nchi nyingi za Ulaya tela halitakiwi kuzidi upana wa mita 2.55 na kimo cha mita 4. Australia ni mita 2.5 kwa 4.3. Ukizidisha, kila safari utaiombea kibali maalumu. Kwa hiyo tafuta vipimo vya huko utakakoipitisha, ndipo ushike penseli. Na upana ni wa nje kwa nje, ukingo wa paa ukiwemo. Ukuta wa sentimita 12 kila upande ukishakula sehemu yake, mita 2.5 zinabaki 2.26 za kuishi.

Kimo nacho huhesabiwa kutoka chini barabarani. Tela lenyewe likiwa juu sentimita 60, sakafu na paa vikichukua 30, katika mita 4 unabakiwa na 3.1 ndani. Acha mita 2 za kusimama, na hapo kitanda chako cha darini kina mita 1.1 tu, tena kabla hujatoa unene wa mbao zake. Utalala vizuri, ila kuketi wima utabahatisha. Nakuomba huko darini uweke dirisha ambalo mtu mzima anaweza kutokea moto ukiwaka chini. Marekani walipoongeza sehemu ya nyumba ndogo katika kanuni zao za ujenzi za 2018, zile zisizozidi mita za mraba 37, njia hiyo ya kutokea waliidai. Hata kama huko uliko hakuna anayeidai, mimi naidai.

Sasa uzito, jambo linalonikosesha usingizi. Nyumba yangu ya kwanza niliweka tanki la maji nyuma kabisa, kwa sababu bomba lilikuwa fupi. Lita 200 ni kilo 200. Tuliposhika mteremko, mkia ulianza kuyumba kushoto na kulia, na kila yumbo likazidi lililotangulia. Nilipunguza mwendo taratibu, Mungu akasaidia. Tangu siku hiyo tanki, jiko na betri naviweka karibu na ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu ya tela, na napima mzigo unaokaa kwenye ndoano ya gari. Kwa matela mazito wengi hushika asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, lakini usipite kiwango kilichoandikwa kwenye gari na kwenye ndoano yenyewe. Fremu ikishasimama ipeleke kwenye mizani, kisha irudishe ukimaliza kuta. Usikisie.

Misumari hulegea safarini, kwa hiyo tumia skrubu na gundi, na fremu uifunge kwa bolti kwenye chesisi, yaani kiunzi cha chuma cha tela.

Kuhusu kiwanja, nenda ofisi ya mipango ukiwa na mchoro, uulize swali moja: hiki kwenu ni gari au ni jengo? Jibu ndilo litakalokuambia utaomba kibali gani, unaweza kulala humo siku ngapi, na maji machafu yaende wapi. Omba jibu la maandishi. Ukiondoa magurudumu au ukajengea baraza la zege, huenda jibu likageuka, basi rudi uulize tena. Na kabla hujafunika kuta, piga picha za nyaya na mabomba yote, kwa sababu mkaguzi hawezi kupitisha asichokiona.

Nitumie mchoro mpya wenye vipimo vya nje. Dirisha la jikoni usiliguse, tutalitafutia nafasi.

Baba yako