Vitabu 24 na siku 200 zilizobaki

Shangani, Mtwara
14 Juni 2025

Shoga yangu Somoe,

Asalaam aleikum. U hali gani, na watoto? Huku tu wazima, kusi limeshika na joto limepungua, ndiyo maana naona huu ndio wakati wa kukujibu lile la vitabu.

Unasema uliahidi vitabu 24 mwaka huu, umefika 5, na kwamba ni uvivu. Si uvivu, ni kipimo. Wewe karani wa mizani ya korosho unajua ubaya wa kangomba: kipimo ambacho ujazo wake anaujua mnunuzi peke yake. Sasa kitabu nacho ni kangomba. Kimoja kina kurasa 90, kingine 400, na vyote kwenye daftari lako unaviandikia "1". Ukichelewa, mkono unakimbilia vyembamba ili hesabu ijae, na kile kinene ulichokitamani tangu Januari kinabaki kando ya mto wa kulalia. Pima kwa kurasa. Tena kurasa nazo zina gunia lake: yaliyomo, shukrani, faharasa, picha zinazojaza ukurasa mzima. Toa uzito wa gunia kwanza, kisha ndiyo uandike.

Hesabu yako iko hivi. Kuanzia kesho mpaka 31 Desemba ni siku 200 kamili. Vitabu 19 vilivyobaki, tuvikadirie kurasa 180 kila kimoja, vinafanya kurasa 3,420. Gawa kwa 200 upate 17 na ushei kwa siku. Inaonekana nyepesi, na hapo ndipo penye mtego, maana siku zako hazilingani. Korosho zikianza kuingia ghalani Oktoba, utarudi nyumbani usiku na vumbi la magunia kichwani. Kurasa 5 kabla ya usingizi ndizo utakazoweza, tena ukijitahidi. Siku 92 za Oktoba mpaka Desemba, mara 5, ni 460 tu. Zinazobaki 2,960 zote zinaangukia siku 108 za kati ya kesho na 30 Septemba, zaidi ya 27 kila siku bila kukosa. Wiki mbili utaweza. Ya tatu utaanza kuruka aya, ya nne utakichukia kitabu.

Punguza iwe 18. Vinabaki 13, kurasa 2,340. Toa zile 460 za msimu, zinabaki 1,880. Gawa kwa 108, unapata 17 na nusu hivi. Huo mzigo unabebeka. Najua kupunguza kutakuuma, lakini ahadi hii hukumwekea mtu rehani.

Sasa namna ya kuzigawa, na hili unalijua tangu chuo cha Kurani ila hujalileta kwenye riwaya. Anayetaka kukhitimu Kurani ndani ya Ramadhani husoma juzuu moja kwa siku. Kwenye msahafu wa Madina, ule wa kurasa 604, juzuu ni kama kurasa 20. Nani anakaa kitako akasome 20 kwa mkupuo? Wachache. Wengine husoma 4 baada ya kila swala, mara tano, siku imekwisha na juzuu imekwisha. Fanya hivyohivyo na riwaya. Hata zile siku ambazo huswali, adhana haikosi kusikika, basi iwe ndiyo saa yako.

Mafungu hayo matano hayana ladha moja. La alfajiri ndilo bora, nyumba imelala na simu haijaanza kuita. La adhuhuri kazini linategemea foleni ya watu. La magharibi usilitegemee kabisa: kuna mboga jikoni, kuna mtoto na daftari lake. Lihamishie baada ya isha, usome 8. Ukitimiza 20 kila siku, kwa siku 108 unapata 2,160, yaani ziada ya 280. Hizo ni siku 14 za kutogusa kitabu kabisa, na utazihitaji, maana Juni hii mpaka Agosti huko kwenu kuna unyago, arusi na kusafiri. Usizile mapema kwa sababu tu kitabu kimepooza.

Ujue pia kasi yako, usikisie. Weka saa dakika 10, soma kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu kurasa. Ukipata 5, basi fungu la kurasa 4 ni dakika 8, muda wa chungu cha maharage kuanza kuchemka. Zile hesabu za maneno mangapi kwa dakika zinazotoka kwa Waingereza zisikubabaishe. Neno letu "nilipomwambia" ni moja, wao hulihitajia maneno manne.

Kata kipande cha kadi ngumu, upana wa vidole viwili, kiwe alama yako ya ukurasa. Hadithi ikianzia ukurasa wa 7, andika juu kwenda chini 26, 46, 66, mpaka mwisho wa kitabu. Kila ukifika, kata namba kwa kalamu. Kadi hiyo ndiyo daftari. Usianzishe daftari jingine la rangi tatu, kulijaza kutakula muda wa kusoma. Kitabu kikiisha, andika nyuma ya kadi tarehe na sentensi moja ya ulichokipata, kadi ibaki ndani.

Kitabu kikikushinda, mpaka ni kurasa 40. Ukifika hapo na bado unajilazimisha, kifunge, kurasa 40 zako ziingie kwenye hesabu, chukua kingine jioni ileile. Hii ndiyo raha ya kuhesabu kurasa, hakuna kinachopotea. Anayehesabu vitabu hawezi kukiacha kwa sababu atapata sifuri, basi anakaa nacho wiki sita hasomi hicho wala kingine. Nahisi ndiko ulikokwama Machi. Na usifungue vitatu kwa pamoja. Viwili vinatosha, kimoja cha alfajiri chenye kudai akili, kimoja cha usiku chepesi.

Usiweke hesabu yoyote ya safari za basi. Macho yametulia kwenye karatasi huku masikio yakihisi gari linayumba, ubongo unachanganyikiwa, na kichefuchefu kinakukamata kabla hata ya Mingoyo.

Vitabu ulivyosema vimeota madoa: hiyo ni koga, nyumba yako iko karibu mno na bahari. Umevifunga kwenye mifuko ya nailoni, ukafungia unyevu ndani. Vitoe. Visimamishe wima kwenye rafu, kiganja kimoja mbali na ukuta, chini pawe na miguu ya rafu kwa sababu ya mchwa. Futa koga kwa kitambaa kikavu, ukiwa nje, pua umeifunga. Usivianike juani: gundi ya mgongoni inakauka na kupasuka, utakuwa unaokota kurasa moja moja. Kivuli chenye upepo kinatosha. Cha maktaba ya mkoa kikiwa na madoa, waambie siku unapokirudisha, wasikione wenyewe baadaye.

Msimu ukianza, weka riwaya pembeni. Kwa dakika tano tano utasahau nani ni nani. Huo ni wakati wa hadithi fupi, na zaidi wa tenzi. Ubeti wa utenzi una mistari minne, kila mstari mizani, yaani silabi, 8, unaingia kati ya gari moja la magunia na jingine, na hupotezi uzi. Tafuta ule wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi kwenu huko, uliochapishwa 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Usome kwa sauti, la sivyo nusu ya utamu inabaki kwenye karatasi. Tenzi usizihesabu kwa kurasa, maana nafasi tupu ni nyingi; fanya beti 10 kuwa sawa na kurasa 2, utakuwa hujajiibia wala hujajipunja.

Jumanne nakutumia kwa basi riwaya ya kurasa 140, nimeizungushia gazeti na kanga kuukuu. Kadi iko ndani, namba nimeshaziandika mpaka 140. Kanga nirudishie, kitabu kaa nacho mpaka Agosti.

Nisalimie mama.

Shoga yako,
Zuhura