Jino la mwanangu lina usaha na mzizi wake bado mchanga, ling'olewe?

Daktari, asalaam aleikum.

Nakuandikia kutoka Wete. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Kabla ya Ramadhani iliyopita alianguka chuoni akikimbizana na wenzake, jino la mbele la juu likakatika nusu. Halikumuuma sana, maisha yakaendelea. Sasa limekuwa la kijivu, na kwenye ufizi kuna kijipu kinachopasuka, kikatoa usaha, kikakauka, kisha kikarudi.

Daktari mmoja alisema ling'olewe, basi. Wa pili alipiga picha akanionesha kuwa mzizi haujafunga chini, uko wazi kama mdomo wa mtungi, na kuta zake nyembamba. Kumbe jino likishaota, mzizi huchukua kiasi cha miaka 3 kukamilika, na kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino, kikifa kabla ya hapo, mzizi haukui tena. Kwa hiyo kulijaza kama wanavyojaziwa watu wazima haiwezekani, dawa haina pa kuzuilika.

Alisema anaweza kuweka kalsiamu haidroksaidi, awe anaibadilisha kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, mpaka ncha ijijengee kizibo. Lakini hakunificha: dawa hiyo ikikaa sana mzizi unaweza kudhoofika, jino likavunjika shingoni. Akataja pia saruji maalumu ya kuziba ncha, ambayo humalizika haraka ila mzizi unabaki mfupi vile vile. Na ipo ya kusafisha ndani kisha kuchokoza damu iingie, huenda mzizi ukakua tena, huenda usikue. Kwa hizo mbili ananishauri nivuke Unguja.

Mama mkwe hataki kusikia. "Jino moja la mtoto wa kiume, nauli ya boti ya nini?" Yeye hamuoni anavyoziba mdomo kwa mkono akisoma Kurani mbele ya wenzake. Nami nimeambiwa jino la kupandikizwa hawekewi mpaka taya limalize kukua, yaani awe kijana mkubwa.

Baba yake anasema tusubiri tuuze karafuu. Je, usaha huo unaweza kungoja msimu bila kudhuru mfupa na meno ya jirani? Nikianza dawa ya miezi hapa Pemba, baadaye nikipata pesa ataweza bado kuwekewa saruji, au nitakuwa nimeshaudhoofisha mzizi? Na kwa jino lililokwisha kutoa usaha, hiyo ya kuchokoza damu wewe ungemfanyia mwanao?

Mama mtu, Wete