Usikubali wamchonge Glory meno

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Mama Glory mpendwa,

Habari za huko nyumbani? Sisi wazima, ni joto tu. Mfikishie Mama shikamoo yangu, mwambie mahindi yalifika salama na Baba Baraka ameyamaliza peke yake.

Ule ujumbe wako wa sauti, kwamba Glory anaona aibu kwa meno yake ya kahawia na wamekushauri umwekee vinia, nimeusikiliza mara mbili. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mimi na wewe tunaishia kucheka, na pesa ya VICOBA, kile kikundi chenu cha kuweka na kukopa, ikishatoka haina kurudi. Nianze na lile lililoninyima usingizi: usikubali wamchonge Glory meno. Nakuomba kama dada yako. Najua amegoma kupiga picha ya darasa, najua ameitwa majina. Lakini ana miaka 13.

Hizo vinia wanazotaka kumwekea ni maganda membamba ya kauri yanayobandikwa mbele ya jino, na mara nyingi jino lenyewe hupunguzwa kwanza, kama nusu milimita hivi. Unaweza kusema nusu milimita ni nini. Ni kwamba lile ganda gumu la nje ya jino halioti tena, ukishachonga umechonga. Vinia nzuri inakaa miaka 10, labda 15, kisha inabadilishwa na unalipa upya. Sasa piga hesabu, hadi Glory awe bibi atakuwa amebadilisha mara ngapi? Halafu kwa umri wake ule moyo wa jino wenye mishipa bado ni mpana, na fizi hazijatulia mahali pake. Leo linapendeza, kesho kutwa fizi imepanda na mpaka unaonekana. Huyo aliyekwambia meno sita kwa mkupuo, kwa mtoto, alikuwa anaangalia pochi yako.

Mimi nilipokwenda kutibiwa meno yangu ya kahawia, daktari hakuniuliza nataka weupe wa namna gani. Aliniuliza, “Hadi unafikisha miaka minane, ulikuwa unakunywa maji ya wapi?” Nikamjibu Maji ya Chai, kwetu, chini ya Mlima Meru huko Arusha. Akaweka kalamu chini, akatabasamu, kama mtu aliyekuta jibu kabla ya kufungua daftari.

Nikamwambia tulivyokuwa tunaamini, kwamba ile rangi ya chai ya mto wetu ndiyo imetuingia menoni. Kumbe wapi! Ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji, na floridi haina rangi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya mlima wetu, ndiyo maana hata chemchemi inayong'aa kama kioo inaweza kuwa nayo tele. Inaliharibu jino likiwa bado linaumbika ndani ya fizi. Likichomoza, ganda lake lina vitundu visivyoonekana kwa macho na mawingu meupe kama chaki. Ukahawia unakuja baadaye, ganda linaponyonya rangi za vyakula na chai mwaka hadi mwaka. Glory alivyoota yale mawili ya mbele si yalikuwa na chaki tu, ukadhani ni maziwa?

Akanisimulia pia habari za Marekani, nikajikuta nacheka kwenye kile kiti. Mwaka 1901 daktari kijana, Frederick McKay, alihamia mji wa Colorado Springs akakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama sisi, na hakuna aliyejua sababu. Ilichukua hadi 1931 kugundua kwamba ni floridi ya kwenye maji. Na sisi kule sekondari tulivyoitwa “meno ya Arusha” tulidhani tumelaaniwa peke yetu!

Kwa hiyo majivu na ndimu zetu nyuma ya choo cha shule vilikuwa kazi bure. Afadhali hata ingekuwa bure: ndimu ni asidi, inakula ganda ambalo tayari ni dhaifu. Na kuna jambo sikuwahi kukwambia. Mwaka ule nilipopata kazi ya kwanza niliingia saluni moja mjini, dada mmoja akanipaka menoni kimiminika chenye harufu kama ya dawa ya kufulia. Siku nne nilikuwa mweupe. Siku ya tano fizi zikaanza kubanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, nikaishi kwa uji wiki mbili na kukudanganya kwamba ni malaria. Nisamehe.

Sasa nilichofanyiwa. Kwanza alinipulizia hewa meno yakauke, akaniletea kipande chenye vijino vya kauri vilivyopangwa, kila kimoja na herufi na namba yake, akatafuta rangi inayofanana na yangu. Madoa yangu hayakuwemo hata kwenye kile cha mwisho kabisa. Akanifunika fizi kwa mpira mwembamba, akasugua meno ya mbele kwa dawa yenye asidi iliyochanganywa na unga wa jiwe laini. Unasikia mchanga mchanga, kama unakula mchicha usiooshwa vizuri. Anasugua, anasuuza, anaangalia, anarudia. Inaondoka tabaka nyembamba tu ya juu, nyembamba kuliko hata anayochonga mtu wa vinia. Aliponipa kioo, ukahawia mzito ulikuwa umepungua zaidi ya nusu. Nilikaa kimya mpaka akauliza kama naumwa.

Hatua ya pili ilikuwa nyumbani. Nilitengenezewa kifuniko cha plastiki kinacholingana na meno yangu, nikawa natia jeli ya kung'arisha kidogo na kulala nayo. Hapa ndipo ningekata tamaa kama nisingeonywa: siku za mwanzo madoa meupe yalizidi kuonekana, nikawa kama kanga (ndege, siyo nguo). Meno pia yalikufa ganzi, chai ya moto siwezi, maji ya friji siwezi. Nikawa napumzika siku mbili, naendelea. Kufikia wiki ya nne rangi zilikuwa zimekaribiana.

Yale mawili ya mbele yana vishimo, unavikumbuka, na vishimo having'arishwi. Hivyo alivijaza kwa resini ya rangi ya jino na kuikausha kwa taa ya bluu. Alinisubirisha kwanza wiki mbili baada ya jeli, kwa sababu resini haishiki vizuri kwenye jino lililotoka kung'arishwa, na rangi yake ikishawekwa haibadiliki. Itachakaa, chai itaipaka rangi, atakuja kuirekebisha. Sawa. Lakini jino langu lipo.

Si meupe kama ya watangazaji wa televisheni, nisikudanganye. Ukisogea karibu unaona mawingu. Bima ilikataa kulipa, wakasema ni urembo, hivyo nililipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Na ukichekesha bado mkono unapanda wenyewe kufunika mdomo. Huo daktari hakuwa na dawa yake.

Kwa Glory, muulize daktari wa meno wa kweli kuhusu kule kusugua peke yake kwanza. Jeli na mengine yatasubiri akue.

Lakini mwenzangu, wewe umeniuliza habari za Glory, mimi nawaza Junior. Ana miaka miwili, na meno yake ya ukubwani ya mbele yanaumbika sasa hivi, wakati wewe unampikia uji kwa maji ya bomba. Usinijibu kwamba unachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki palepale, tena maji yakipungua sufuriani inakolea. Maji ya mvua hayana shida hiyo, na lile simtanki lililolala nyuma ya banda la ng'ombe linahitaji mifereji tu. Kituo cha Ngurdoto, kile cha kuondoa floridi kwenye maji, wanajua habari za chujio la mkaa wa mifupa, nenda kaulize, ila ujue ule mkaa unachoka na lazima ubadilishwe. Na magadi kwenye maharage na makande nayo yana floridi, mpikie mtoto pembeni bila magadi. Mama atanuna. Mwambie nimesema mimi.

Nitakuja mwezi wa kumi na mbili. Tukutane sokoni Tengeru Jumamosi ile ya kwanza, uje na Glory. Kabla ya hapo jaza maji ya bomba lako kwenye chupa safi ya plastiki, uyapeleke yakapimwe. Shirika la Afya Duniani linasema floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Wakikupa karatasi, ipige picha unitumie.

Wako,
Mama Baraka