Mboji ya jikoni: tuanze wiki hii

Habari za jioni, wanakikundi. Kutengeneza mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyooza, ndoo chakavu ya lita 20 inatosha. Toboeni matundu chini na ubavuni, kisha tieni kopo moja la maganda ya ndizi, muhogo au mboga kwa makopo matatu ya majani makavu. Ya mkorosho ni magumu, yavunjevunjeni kwanza. Geuzeni kila wiki. Ikinuka, maji yamezidi na hewa haipiti: ongezeni majani makavu. Mkiifinya iwe na unyevu bila kuchuruzika.

Utumbo wa samaki msitie, huita panya. Na tafadhali sana, maganda ya korosho yasiingie kabisa. Mafuta yake huunguza ngozi ya anayegeuza.

Wenye ndoo za ziada, leteni Jumamosi asubuhi.