Mkuu anayeongoza kikao na aseme mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna vikao vinavyoendeshwa katika ofisi zetu, hasa vile ambavyo mwenyekiti wake ndiye mkuu wa mahali pa kazi. Nimestaafu baada ya miaka mingi ya kuandika kumbukumbu za vikao katika utumishi wa umma. Mwandishi wa kumbukumbu, kwa kuwa hachangii hoja, hupata fursa ambayo wajumbe hawana ya kuona jinsi mjadala unavyozaliwa na jinsi unavyouawa.

Mara nyingi huuawa mapema sana. Mwenyekiti hufungua kikao, husoma ajenda, kisha kabla hajamkaribisha mjumbe yeyote hueleza anavyoliona jambo lenyewe na uamuzi anaodhani unafaa, halafu ndipo anawaomba wajumbe wachangie kwa uhuru. Ni nani atakayekuwa huru mbele ya mtu anayepima utendaji wake wa mwaka na kumwidhinishia likizo na safari? Kinachofuata ni wajumbe kuunga mkono mmoja baada ya mwingine, na kumbukumbu kuandikwa kwamba kikao kiliridhia kwa kauli moja, ilhali mhasibu aliyekaa kimya mwisho wa meza ana sababu nzito za kupinga, ambazo atazieleza nje wakati wa chai.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mabaraza ya wafanyakazi. Mabaraza hayo yalianzishwa kwa Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa nia ya kumshirikisha mfanyakazi katika uendeshaji wa mahali anapofanyia kazi. Kwa kawaida mwenyekiti wake ni mtendaji mkuu wa taasisi, na sipendekezi hilo libadilike, kwa sababu azimio lisilopitia kwa mwenye mamlaka ya kulitekeleza huishia kwenye jalada. Lakini mtu huyo huyo ni mwakilishi wa mwajiri na ni msimamizi wa mazungumzo, na kazi hizo mbili hazipatani kirahisi. Spika wa Bunge anapokuwa kitini hachangii hoja. Hugawa nafasi ya kusema na kusimamia kanuni na muda. Mkuu wa taasisi hawezi kunyamaza kiasi hicho, ila anaweza kusema mwisho. Na pale ambapo ana msimamo ambao kila mtu anaujua, ampishe makamu wake kiti kwa ajenda hiyo moja, naye achangie kama mjumbe.

Kusema mwisho kuna masharti yake. Mwenyekiti anayejibu kila mchango papo hapo amekwisha kusema mwanzo, hata kama hotuba yake rasmi ameiweka akiba. Mjumbe wa tatu akiona wawili waliomtangulia wamejibiwa kwa ukali, hushusha mkono. Ni heri aandike hoja zote kwenye karatasi, azijibu kwa pamoja. Aidha, kama ajenda ni matumizi ya magari, aanze na mwakilishi wa madereva, si mkurugenzi.

Mjumbe naye hawezi kuchangia asichokisoma. Kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, mabaraza mengi huitwa kujadili rasimu ya bajeti, na nimeona kabrasha nene likigawiwa mlangoni asubuhi ya kikao, kisha wajumbe wakitakiwa kulipitisha kabla ya chakula cha mchana. Kabrasha lililochelewa ni njia nyingine ya mwenyekiti kusema peke yake, awe amekusudia au hakukusudia.

Niongeze neno kuhusu yatokanayo, yaani kipengele cha kufuatilia maazimio ya kikao kilichopita, ambacho hula nusu ya siku. Hula kwa sababu kikao kilichopita kiliazimia kwamba menejimenti ilifanyie kazi suala fulani, bila kumtaja mhusika wala tarehe, hivyo kila mmoja hulisimulia upya kama alivyolikumbuka. Mwenyekiti akikataa kufunga ajenda mpaka apate jina na tarehe, yatokanayo ya kikao kijacho huwa fupi, na muda unaopatikana huenda kwa wajumbe. (Kuhusu mengineyo, kipengele cha mwisho cha ajenda, sina la kusema, isipokuwa kwamba hoja kubwa isiibuliwe pale watu wanapoanza kuulizia posho.)

Chuo cha Utumishi wa Umma, katika tawi lake la Tabora lililokuwa Chuo cha Uhazili, kimefundisha vizazi vya makatibu kuandika kumbukumbu za vikao. Anayeongoza kikao chenyewe huchukuliwa kwamba amepata ujuzi huo pamoja na barua ya uteuzi. Naiomba Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, iweke somo hili katika mafunzo elekezi ya wakuu wapya wa taasisi na idara, tena kwa vitendo: mkuu mpya aongoze kikao cha mazoezi chenye wajumbe wabishi, na mwalimu aliyeshika saa ahesabu ni dakika ngapi mwenyekiti amezungumza kabla mjumbe wa kwanza hajapewa nafasi.

Wako,
Mtumishi mstaafu,
Dodoma